Uso Aliorudi Nao Nyumbani

Kwa miaka ishirini na sita Fundi alichora nyuso za watu ambao hakuwahi kuwaona. Waliletwa kwake ndani ya bahasha, wakiwa wamebanwa kwenye picha ndogo za kitambulisho: mstaafu wa reli, bibi harusi, marehemu baba wa fulani. Yeye aliikuza kila picha kwa mistari ya penseli, mraba kwa mraba, mpaka uso ukajaa turubai. Kisha alifungua makopo yake matatu. La kwanza lilikuwa na rangi ya ngozi nyeupe kiasi, la pili maji ya kunde, la tatu weusi wa kung'aa. Alipaka, akalainisha kwa brashi pana ya manyoya mpaka usionekane mkwaruzo hata mmoja, akampa kila mtu tabasamu lile lile la kuagana na wageni. Wateja walipenda. Walisema ni laini kama picha ya studio.

Yeye mwenyewe alikuwa amechoka. Bega la kulia lilikuwa likimuuma tangu asubuhi, na siku hizi aliposhika brashi mkono ulijiendea wenyewe, kama mtu anayetembea njia ya kazini huku akili yake ikiwa mbali. Chumba chake kilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya duka la miwani. Kilikuwa na dirisha moja kubwa, stendi ya kuchorea, kiti cha mbao chenye mikono na sinki lililokuwa na madoa ya kila rangi. Alikuwa na miaka sitini na moja na hakutarajia tena kujifunza jambo jipya humo ndani.

Kamati ya shule ilipomwandikia, alijua wanachotaka kabla hajamaliza barua. Mwalimu mkuu wao alikuwa anastaafu. Ukumbini kulikuwa na picha za wakuu wanne waliomtangulia, zote kazi ya Fundi, zimepangwa ukutani kama ndugu wa tumbo moja. Walitaka ya tano. Tatizo lilikuwa moja tu: mwalimu mkuu hapendi kupigwa picha.

“Nina ya kitambulisho, ya miaka kumi na tisa iliyopita,” alimwambia Fundi kwa simu, kwa sauti nzito ya mtu aliyezoea kusikilizwa hadi viti vya nyuma. “Hiyo sikupi. Nitakuja mwenyewe.”

Alikuja Jumatano, saa kumi na nusu. Fundi alimsikia akipanda ngazi kwa vituo. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye blauzi nyeupe iliyopigwa pasi mpaka kola ikasimama, na begani amening'iniza mfuko uliojaa madaftari. Nyusi zake zilikuwa zimekutana, midomo imebanwa. Fundi alihisi kama ameitwa ofisini.

“Nikae hapa?”

“Hapo hapo, Mwalimu. Utazame dirisha.”

“Nitazame dirisha nifikirie nini?”

“Chochote.”

Alikaa. Fundi akachonga penseli, akageuka, akamkuta amelala. Hakuwa amesinzia tu. Alikuwa amelala fofofo, kidevu juu ya kola, mikono imefunguka magotini. Fundi akakohoa. Akaangusha kikopo cha brashi sakafuni. Mwalimu akafumbua macho bila kushtuka.

“Endelea, nasikiliza,” akasema, akafumba tena.

Ikawa hivyo kila Jumatano na kila Ijumaa. Alikaa wima kwa dakika kumi, wakati mwingine kumi na tano, kisha usingizi ukambeba. Katika zile dakika kumi waliongea kidogo. Alimweleza kwamba amefundisha miaka thelathini na minne, na kumi na miwili ya mwisho akiwa mkuu. Mumewe alifariki mapema, akamwacha na mtoto mmoja wa kike, ambaye sasa ni mfamasia, mtu mzima na nyumba yake.

“Mnaonana?” Fundi aliuliza, kwa kupiga soga tu.

“Sikukuu,” Mwalimu akajibu, na hapo soga ikaishia.

Siku nyingine alimwambia kwamba wanafunzi wamempa jina. “Wananiita Ngurumo. Wanadhani sijui. Wamesahau kwamba mimi ndiye ninayesahihisha insha zao.”

Fundi alicheka, na yeye akacheka kidogo, kisha nyusi zikarudi mahali pake. Ni nyusi hizo zilizompa Fundi taabu. Makopo yake matatu yalikuwa yametengenezwa kwa ajili ya picha za bahasha, zenye mwanga wa taa usoni na uso usiosogea. Huyu alikuwa mtu hai mbele ya dirisha, na kila alipomtazama aliona kitu kingine. Ilimbidi achanganye rangi upya, kama alivyofundishwa ujanani na kisha akaacha kwa sababu hakuna aliyeuliza.

Wiki ya tatu mkewe alipanda kumletea chai. Mkewe alikuwa mpiga pasi kwenye duka la dobi mitaa miwili kutoka pale, na kazi ilipopungua alikuja kunyoosha miguu. Aliweka chupa mezani, akasimama mbele ya stendi, akakunja mikono.

“Huyu mama umemkosea nini?”

“Kwa nini?”

“Umemchora kama anataka kumpiga mtu. Mimi ningekutana naye njiani ningemwomba msamaha kwanza, kosa ningelijua baadaye.”

Fundi akasogea nyuma kutazama. Ilikuwa kweli. Alikuwa ameweka wekundu chini ya macho na kando ya pua kwa sababu ngozi pale ilikuwa nyembamba. Mikwaruzo ya brashi yote ilikimbilia katikati ya nyusi, mifupi mifupi, kama chuma kinachovutwa na sumaku. Alikuwa amezifuata nyusi kwa uaminifu, na kingo za uso alizikata kama kwa wembe, shavu huku, ukuta kule. Kila kitu kilikuwa mahali pake, na mwanamke aliyekuwa kwenye turubai alikuwa na hasira.

“Ndivyo alivyo,” akajitetea.

“Sawa,” mkewe akasema. “Kunywa chai kabla haijapoa.”

Alijaribu kurekebisha. Alizitenganisha nyusi kidogo, akainua pembe za midomo. Akatokea mwanamke anayeuza kitu. Akazishusha pembe, akarudi yule wa kutaka kupiga. Akachukua kisu cha rangi, akakwangua uso wote mpaka turubai ikabaki na doa kubwa la kahawia lenye shingo na kola. Ijumaa akaanza upya. Jumatano akakwangua tena. Mwalimu alikuwa akilala kwenye kiti wakati haya yote yanatendeka, naye Fundi alianza kumwonea wivu.

Siku ile ya kukwangua mara ya pili alirudi nyumbani mapema, bega likiwaka moto. Alikuwa amekaa jikoni wakati mkewe anaingia. Aliweka mkoba juu ya meza, akakaa kwenye stuli karibu na mlango, bila kuvua viatu, bila kufungua kitambaa cha kichwani, akatazama sakafu. Nyusi zake zilikuwa zimekutana. Midomo ilikuwa imebanwa.

Fundi akapekua siku nzima kichwani mwake akitafuta kosa. Hakulipata.

“Mama watoto, umekasirika?”

“Na nani?”

“Sijui. Na mimi.”

Mkewe akainua macho taratibu. “Hizo nguvu za kukasirika nitazitoa wapi? Nimesimama tangu saa moja asubuhi. Nimepiga pasi mashati mia na kumi.”

Akaurudisha uso kule kule sakafuni. Na Fundi, aliyekuwa ameoana naye miaka thelathini na mitatu, akamtazama.

Alitazama kama anavyotazama kazi. Kwa mtu aliyepita haraka, uso ule ulikuwa wa hasira, nyusi ni zile zile. Lakini hasira huukusanya uso, huuvuta kuelekea sehemu moja, na damu hupanda. Hapa hapakuwa na damu. Ilikuwa imeondoka, na ilipoondoka iliacha ukijani hafifu kwenye kipaji cha uso, karibu na masikio, na kijivu chenye ubuluu chini ya macho, vyote vikionekana kupitia kahawia ya ngozi kama kitu kilichozama kwenye maji ya chai. Hakuna kilichokuwa kinakimbilia katikati. Kila kitu kilikuwa kinashuka: kope, mashavu, nyama ya kando ya kidevu. Hata nyusi hazikukutana kwa kukazwa, zilikutana kwa sababu ndipo zilipoangukia. Na ukingo wa shavu lake la kushoto, upande wa ukutani, haukuwepo kabisa. Rangi ya shavu ilikuwa imelegea ikaingia kwenye rangi ya ukuta, na hakuna jicho ambalo lingeona mpaka.

“Unanitazama nini?”

“Kaa hivyo hivyo kidogo.”

“Nikae hivi, na chai atachemsha nani?”

Fundi akainuka akachemsha. Akiwa jikoni pale, birika likianza kulia, aliona aibu ambayo hakuitarajia. Alikuwa ameona uso huu kila jioni kwa miaka na miaka, na kila jioni, bila hata kujiuliza, alikuwa akiondoka kwenda kukaa chumba kingine mpaka hali itulie. Mkewe alikuwa amemwona akiondoka kila siku. Hakujua aliwaza nini, wala hakuthubutu kuuliza. Alimpa kikombe, akapiga magoti kwa shida, magoti yake yakilia, akamvua viatu. Mkewe akamtazama kama mtu aliyechanganyikiwa.

“Bega linakuuma au kichwa?” akauliza.

Kesho yake Fundi hakufungua makopo. Alichukua turubai mpya, akapaka uso wote kwa kijani kilichofifia, kibaya, cha ukuta wa zahanati, akakiacha kikauke siku mbili. Juu yake akaanza kuweka kahawia nyembamba, iliyoyeyushwa kwa mafuta, ili kijani kiendelee kupumua chini. Wekundu aliuondoa wote isipokuwa kidogo kwenye ncha ya pua na kwenye sikio, damu ya mzee, nao ulifanya sehemu nyingine zionekane zimepoa zaidi. Chini ya macho akaweka kijivu chenye ubuluu. Brashi aliishika kwa mbali, karibu na mwisho wa mpini, ikiwa nusu kavu, akaivuta kutoka juu kwenda chini kwa mikwaruzo mirefu iliyokatikakatika. Mkono ulitaka kuchukua brashi ya manyoya ukailainishe. Akauzuia. Ukingo wa shavu aliufuta kwa kidole mpaka ukapotea kwenye kijivu cha nyuma.

Kitu kimoja tu alikichora kwa ukali, nacho ni kola. Aliiweka kwa rangi nyeupe nzito, iliyotokeza, kwa mikwaruzo miwili mitatu ya kisu, na kingo zake zikawa kali kama karatasi mpya. Alimfikiria Mwalimu asubuhi, kabla ya watu kuamka, akiipiga pasi kola hiyo. Ilionekana kana kwamba ndiyo iliyokuwa imemshikilia kichwa kisianguke.

Wiki ya sita alimwambia aje atazame.

Mwalimu alisimama mbele ya stendi, mfuko wa madaftari ukiwa bado begani. Alitazama kwa muda mrefu. Chini mtaani mtu alikuwa akifunga geti la chuma.

“Nani alikuambia?” akauliza mwishowe.

“Kuniambia nini, Mwalimu?”

“Kwamba nimechoka.”

“Umelala kwenye kiti changu mara kumi na moja.”

Alicheka kupitia puani. Kisha akaweka mfuko chini na akakaa, ila safari hii hakulala. “Asubuhi nasimama getini,” akasema. “Watoto elfu na mia mbili wanapita mbele yangu. Nakaza uso. Nikiulegeza utaanguka, na ukianguka pale mbele yao nani atauokota? Basi unabaki umekazwa siku nzima. Jioni nausahau hivyo hivyo.” Akaitazama tena picha. “Hapa umeuacha uanguke.”

“Unakuudhi?”

“Hapana. Ila kamati hawatautaka.”

Kamati hawakuutaka. Mwenyekiti wao alikuja na wajumbe wawili, akavua kofia, akaivaa, akavua tena.

“Mwalimu anaumwa?”

“Hapana, mzee. Ni mzima.”

“Sasa hiki kijani cha nini? Mwalimu wetu si wa kijani.” Alisogea akagusa rangi kwa ukucha. “Na hapa hujamaliza. Shavu limeishia wapi? Zile nyingine nne ni safi kabisa, hata alama ya brashi huioni. Watoto wakae wanatazama mkuu wao amechoka hivi? Watapata wapi moyo wa kusoma?”

Fundi alimpigia simu Mwalimu, akiwa tayari kubishana na kamati kama yeye angetaka. Mwalimu akavuta pumzi.

“Wape wanachotaka. Nimeshawapa miaka thelathini na minne, siku chache zaidi hazitaniua. Nitakuletea ile picha ya kitambulisho.”

Aliileta Ijumaa, ndani ya bahasha. Hakukuwa na haja ya kukaa, lakini alikaa. Labda ni mazoea. Fundi alikuwa bado anatafuta miwani aisome picha, tayari yule mama alikuwa amelala.

Zilipita dakika arobaini. Simu ikaanza kulia ndani ya mfuko wa madaftari. Ikalia, ikakatika, ikalia tena. Mara ya tatu Fundi aliitoa ili ainyamazishe, akaona imeandikwa *Binti*. Akapokea.

“Mama yako amelala hapa kwangu,” akasema, kisha akagundua namna maneno hayo yanavyosikika. “Mimi ni mchoraji. Anachorwa. Yaani alikuwa anachorwa.”

“Nimempitia shuleni nikaambiwa ametoka. Nielekeze, nakuja kumchukua.”

Alikuja akiwa bado na koti jeupe la dukani. Urefu ni ule ule wa mama yake, na nyusi zile zile. Alisimama mlangoni akitazama kile kiti.

“Amelala kweli,” akasema kwa sauti ya chini.

“Huwa analala.”

“Kwangu hajawahi. Akija anakaa ukingoni mwa kochi kama anasubiri basi.”

Fundi akamsogezea stuli, lakini hakukaa. Alikuwa ameiona picha. Aliikaribia, akarudi nyuma, akamtazama mama yake, akairudia picha. Uso wake ulikuwa umebadilika, na Fundi akadhani naye atauliza habari za kijani.

“Huu uso naujua,” binti akasema. “Huu ndio aliokuwa akirudi nao nyumbani.” Kisha akauliza kwa uangalifu, kama mtu anayeuliza dawa asiyoijua, “Hapa ulitaka aonekane vipi?”

“Amechoka.”

“Si kwamba amekasirika?”

“Mwanzoni ilitoka hivyo. Nikaikwangua mara mbili. Nilikuwa nimekosea.”

“Ulijuaje kwamba umekosea?”

Fundi hakuwa mtu wa maelezo. Alichukua kipande cha ubao, akapaka juu yake duara mbili za kahawia ile ile. Kwenye moja akagusisha wekundu, akavuta brashi kuelekea katikati, fupi fupi, akaikatia ukingo mkali. Kwenye nyingine akachanganya kijani na kijivu kidogo, akavuta kwenda chini, akafuta ukingo kwa kidole. Hazikuwa na macho wala mdomo. Zilikuwa duara mbili tu za rangi. Binti alizitazama, na bila kuambiwa akanyoosha kidole kwenye ya kwanza, ile ya hasira, akakirudisha haraka.

“Sasa mtazame mwenyewe,” Fundi akasema. “Hapo kando ya jicho, dirisha linapomwangazia. Unaona wekundu?”

Binti aliinama mbele ya mama yake, karibu kuliko watu wazima wanavyosogeleana. Mwalimu alikuwa akipumua kwa mdomo.

“Hapana,” akasema.

“Basi ndiyo hivyo.”

Alikaa kwenye stuli sasa. Alizungumza akitazama sakafu, yenye madoa ya miaka ishirini na sita. “Alikuwa anarudi jioni, anakaa kitandani na viatu miguuni, na uso huo. Mimi nakwenda chumbani kwangu, nafunga mlango polepole asisikie. Nakaa nawaza nimefanya nini. Nahesabu: vyombo nimeosha, sare nimefua, jirani sijamjibu vibaya. Sipati. Kila siku nawaza na sipati. Nilipofika miaka kumi na miwili nikachoka kuwaza. Nikaamua tu kwamba hanipendi, na mambo yakawa mepesi.”

Fundi aligeukia sinki. Aliosha brashi. Maji ya sinki yaligeuka kahawia, kisha kijani, kisha yakawa meupe.

Mwalimu aliamka mwenyewe. Alimwona binti yake, akatazama saa, akaanza kunyoosha kola.

“Nilikuwa nasikiliza.”

“Mama, ulikuwa unakoroma.”

“Umekuja kufanya nini huku?”

“Kukuchukua.” Binti akaokota mfuko wa madaftari akaupakata. Alikuwa kama anayetaka kuondoka, kisha akaacha. “Mama. Zamani, ulipokuwa ukirudi kazini. Ulikuwa umenikasirikia?”

“Lini?”

“Siku zote.”

Mwalimu hakukimbilia kujibu. Alilifikiria swali, kama alivyozoea kufikiria maswali ya watoto wanaouliza kwa dhati. “Siku nyingine, ndiyo,” akasema. “Uliporusha mpira kwenye dirisha la jirani. Na ile siku uliyouza kamusi yangu. Lakini siku nyingine zote…” Alijitazama mikono. “Sikuwa na kitu. Nilikuwa nakaa tu. Nilikuwa nangoja uje unisimulie ya shule. Nilikuwa nakusikia uko chumbani. Nikajua umekua, hutaki tena hadithi na mama.”

Binti alifunga zipu ya mfuko, akaifungua, akaifunga.

“Twende,” akasema. “Ngazi ni nyingi.”

Walishuka. Fundi aliwachungulia kutoka juu. Binti alitangulia ngazi moja mbele, mgongo umegeuzwa nusu, kama mtu anavyomtangulia mwenye magoti mabaya, na mkono wa Mwalimu ulikuwa begani mwake.

Picha ya kamati aliimaliza kwa siku nne. Alitumia kopo la pili na brashi ya manyoya, akafuata kitambulisho, na tabasamu alilijua kwa moyo. Siku ya kuagwa, kitambaa kilipovutwa, watu walipiga makofi na mwenyekiti akatingisha kichwa kwa kuridhika. Nyuma ya ukumbi Fundi alimsikia msichana mmoja akimnong'oneza mwenzake, “Huyu nani?” Mwalimu, alipopita karibu naye, alimwambia bila kutikisa midomo, “Nilipokuwa na uso ule nilikuwa hata ukuu sijapewa.”

Ile nyingine aliichukua binti. Aliifunga kwa shuka, akaiweka kwenye kiti cha nyuma cha gari, akaifunga mkanda. Fundi alidhani hatasikia tena habari zao, kama asivyosikia habari za wengine wote. Lakini baada ya miezi miwili alipigiwa simu. Binti alisema mama amehamia kwake, kwa sasa, mpaka nyumba yake ikarabatiwe, na kwamba analala hadi saa tatu asubuhi bila aibu yoyote. Wanagombana kuhusu sauti ya televisheni. Wanagombana kuhusu sukari, maana kisukari kiko kwenye ukoo na Mwalimu haambiliki.

“Lakini siku hizi akikasirika anasema,” binti akaeleza. “Na asiposema, namuuliza. Mara nyingi ananijibu kwamba hana kitu. Nakaa naye tu hapo.” Kisha akaongeza, “Anasema sikio hujalipatia. Anasema lake ni dogo kuliko hilo.”

“Ni kweli,” Fundi akasema. “Sikio nilikosea.”

Wiki hiyo hiyo ikaletwa bahasha nyingine. Ndani yake mlikuwa na picha ndogo ya mzee mwenye shati la vifungo vya shaba, mwendesha lifti aliyestaafu kwenye jengo moja la ofisi. Mwanawe ndiye aliyeileta. Alitaka picha kubwa kwa ajili ya miaka themanini ya baba, na alikuwa na haraka. Fundi aliishika ile picha kwenye mwanga. Makopo yalikuwa palepale rafuni.

“Mzee yu hai?” akauliza.

“Yu hai. Ila hawezi ngazi. Hata kitandani anatoka kwa shida. Kwani picha haitoshi?”

“Inatosha,” Fundi akasema. “Lakini ningependa kumwona.”

Mwana akamtazama kama anayetafuta mtego, kisha akaandika mahali wanapoishi nyuma ya bahasha.

Jumamosi Fundi alibeba rangi zake kwenye mfuko mmoja na stendi mkono wa pili. Ilikuwa ghorofa ya tano na lifti ilikuwa mbovu. Alipumzika kila ghorofa, bega likimlaumu, na kwenye ya nne alikaa kabisa juu ya ngazi mpaka moyo uliporudi mahali pake. Alifunguliwa mlango, akaonyeshwa chumba. Mzee alikuwa ameegemezwa kwenye mito mitatu karibu na dirisha, mikono yake mikubwa imelala juu ya blanketi. Alimkazia Fundi macho kwa muda.

“Unanitazama nini?”

“Bado sijajua,” Fundi akasema, akavuta kiti.